Muulize Konda: Kupanda mlima kwa nauli ya basi

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari miwili tu, kwamba abiria wa kawaida wa huku kusini anaweza kuingia hifadhi ya milima bila kukodi gari. Simu haikutulia. Kwa hiyo maswali ya mizigo iliyopotea na tiketi za kubadilisha tarehe yatasubiri mwezi ujao. Leo ukurasa mzima ni wa milima.

*Konda, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Mtwara, naishi Ligula. Nina likizo ya wiki moja mwezi wa nane na nimejiwekea akiba. Nataka kuingia hifadhi ya taifa yenye milima, nitembee kwa miguu na nione maporomoko ya maji. Wenzangu kazini wananicheka, wanasema hifadhi ni za wenye Land Cruiser. Nimeulizia gari la kukodi, bei yake inamaliza akiba yote hata kabla sijalipa kiingilio. Nifanyeje?*
Dada wa Ligula

Marahaba, mwanangu. Wenzako wana hoja, kwa hifadhi nyingi. Ukishushwa na basi kwenye geti la hifadhi ya wanyama, bila gari utaishia kuzungumza na mlinzi. Lakini iko moja ambayo gari halikusaidii kitu: Milima ya Udzungwa. Ndani yake hakuna barabara za kuzungukia na gari. Tajiri akija na gari lake la mamilioni, analiegesha, anafunga kamba za viatu, anaanza kupanda pamoja na wewe uliyeshuka kwenye basi la Ifakara. Hapo mmelingana.

Hifadhi hiyo ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, imekaa Morogoro na Iringa. Makao makuu yake yako Mang'ula, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, na kutoka barabarani hadi getini unatembea na begi lako mgongoni. Ndiyo maana huwa naipendekeza kwa watu wa kusini kabla ya mlima mwingine wowote. Kinachoharibu safari za wasio na gari ni ule mwendo kati ya stendi na geti, pale unapoanza kubembelezana na bodaboda anayejua huna njia nyingine. Mang'ula haina shida hiyo.

Sasa njia. Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Ukipanda basi la alfajiri, jioni uko Mbagala, siku ya likizo imekwenda hivyo. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, mtu mwenye siku chache humshauri apande la jioni, alale humohumo, aingie Dar kunapokucha. Ila sikiliza vizuri: usikate tiketi ya Ifakara ya saa kumi na mbili asubuhi ya siku hiyohiyo. Mabasi ya kwenda huko huondokea stendi ya Magufuli, Mbezi, na Mbagala hadi Mbezi asubuhi ya siku ya kazi ni safari inayojitegemea. Basi lako likikaa nusu saa ya ziada pale Somanga watu wanakula, la Ifakara limeshakuacha. Tafuta linaloondoka saa tatu au saa nne.

Au fanya ninavyofanya mimi mwenyewe. Ukifika Dar nenda stesheni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, panda treni hadi Morogoro. Treni hiyo ilianza kubeba abiria Juni 2024, na nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilipangwa shilingi 13,000. Unashukia Kihonda, unachukua daladala au bajaji hadi stendi ya Msamvu, na pale Msamvu unaulizia gari la Ifakara. Mimi ni mtu wa mabasi, nimekula mkate wa mabasi, lakini foleni ya kutoka Dar asubuhi sitaitetea mbele ya mtu.

Kati ya Morogoro na Mikumi kaa dirishani. Barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na twiga, pundamilia, swala, siku nyingine tembo, utawaona kwa nauli ileile uliyokwisha kulipa. Usikubali siti za nyuma kabisa: matuta ya humo yatakurusha hadi kichwa kiguse dari. Mikumi mjini gari linaacha barabara ya Iringa, linakata kushoto. Kutoka hapo hadi Mang'ula ni kilomita 60 hivi. Utapita Kidatu penye mtambo wa umeme wa maji, kisha kushoto kwako ni miwa, miwa tena miwa, na kulia mlima umesimama wima na msitu wake mzito. Kidatu hadi Ifakara siku hizi ni lami. Katika maeneo hayo ya Mang'ula kumejengwa njia ya tembo chini ya barabara, watoke milimani kwenda bonde la Kilombero bila kugongana na mabasi. Nilipoiona nilimwambia jirani yangu kwenye siti kwamba tembo nao wamepewa stendi yao. Hakucheka. Alikuwa mwenyeji, mashamba yao yanaliwa.

Mwambie konda mapema, “Nishushe Mang'ula hifadhini.” Kabla ya hapo gari litapita kijiji cha Sanje, na maporomoko unayoyataka ni hayohayo ya Sanje. Usishuke! Kujiandikisha, kulipa na kupewa mwongozaji ni Mang'ula. Kesho yake asubuhi ndipo mnarudi Sanje na mwongozaji, kama kilomita kumi, kwa daladala au bodaboda. Malipo si ya kushika mkononi: unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo weka hela kwenye simu ukiwa bado njiani. Na kitambulisho cha taifa usikiache nyumbani. Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni, lakini lazima uthibitishe kuwa ni Mtanzania. Usitegemee Kiswahili chako kizuri.

Njia ya Sanje ni mzunguko wa kama saa nne kwa mtu anayetembea wastani. Maji yanaanguka kwa hatua, jumla mita 170 hivi. Kuna sehemu utashuka karibu na chini ya maporomoko, upepo wa maji unakulowesha kabla hujafika, na kuna sehemu ya juu yenye bwawa ambapo mwongozaji akikuruhusu utaoga. Simama pale juu, geuka nyuma: bonde lote la Kilombero liko chini yako, mashamba ya miwa yamekatwa mraba kwa mraba. Njiani tazama juu zaidi ya kutazama mbele. Kuna mbega wekundu wanaoruka na kuacha tawi likitikisika, na kuna kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua 1979 tu na haishi popote duniani nje ya milima hii. Wenyeji bila shaka walikuwa wakimfahamu tangu zamani, hakuna aliyewauliza.

Jambo moja lililonishangaza mimi mtu wa pwani: tembo wanapanda mlima. Tulikuwa kwenye mteremko ambao nilikuwa naushika kwa mikono, nashika mzizi huu nauachia nashika ule, mwongozaji akanyoosha ngumi juu: simameni. Mbele ya miguu yake palikuwa na kinyesi cha tembo, kibichi, nzi ndiyo kwanza wanakusanyika. Alisikiliza kitambo, akapiga hatua kuingia kichakani, akarudi, tukaendelea kwa njia ya pembeni bila kuzungumza. Ndiyo sababu ya kutembea na mtu wa hifadhi. Usimwone ni gharama ya kukwepa.

Siku ya pili, kama miguu inauma, iko njia fupi karibu na makao makuu kwenda maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la yule mume wa Malkia Juliana wa Uholanzi aliyekuja kuizindua hifadhi. Ukiwa na nguvu zaidi safari nyingine, uliza njia ya Mwanihana: kilomita 38, siku tatu, unalala porini kwenye hema, kilele chake kinazidi mita 2,000. Hiyo si ya likizo hii.

Halafu kurudi. Usiku wa kuamkia kupanda, muulize mwenye gesti gari la mwisho la kuelekea Mikumi au Morogoro linapita saa ngapi. Usimuulize mtu mmoja. Uliza watatu, chukua jibu la mapema zaidi. Na wale wenzako wanaokucheka, wapigie picha.

*Konda shikamoo. Nipo chuo Nachingwea. Nimeona viatu vya kupandia mlima vinauzwa bei ambayo kwangu ni ada. Raba zangu zinatosha?*
Mwanachuo

Marahaba. Kwa Sanje wakati wa kiangazi, raba yenye meno chini inatosha. Raba iliyosuguliwa ikawa laini kama ulimi, hapana, hata kama ni ya jina kubwa. Nenda kwenye mitumba ukiwa na soksi nene mfukoni, jaribu buti ukiwa umezivaa, na ukinunua tembea nazo sokoni na darasani wiki mbili kabla ya safari. Malengelenge hayaponi mlimani.

Suruali ichomeke ndani ya soksi. Utaonekana kichekesho hadi mtakapokuta siafu wanavuka njia, hapo wenzako wataanza kucheza ngoma na wewe utapita zako.

*Mzee Konda, nina miaka 24, nipo Lindi mjini, nafanya mazoezi kila siku ufukweni. Nataka kufika kileleni Kilimanjaro mwaka huu. Nimepiga hesabu: nauli ya basi hadi Moshi, kiingilio cha Mtanzania, na chakula nitabeba mwenyewe. Nataka kwenda kimyakimya bila kampuni. Inawezekana?*
Chuma cha Lindi

Haiwezekani, na hata ingewezekana nisingekuelekeza. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Hesabu yako haina mwongozaji, haina wapagazi, haina usiku wa kulala kwenye vibanda au kambi, na kila usiku unalipiwa. Nauli ya basi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Mazoezi ya ufukweni yanakupa pumzi ya ufukweni. Wewe umezaliwa usawa wa bahari, umekulia usawa wa bahari, na kilele kile kiko mita 5,895. Kuna kitu kule juu kinachoitwa ugonjwa wa mwinuko: kichwa kinapasuka, unatapika, na ukilazimisha unaweza kufa. Haujali kifua kipana. Dawa yake ni kupanda polepole, siku nyingi, na kushuka mara dalili zikizidi. Kwa hiyo anayekuuzia safari ya siku chache kwa sababu ni nafuu anakuuzia hatari.

Kama mlima huo ndio unaokunyima usingizi, anza kwa kuuonja. Ukifika Moshi kuna daladala za Marangu Mtoni, na kutoka Mtoni hadi geti la Marangu ni bodaboda. Geti liko karibu mita 1,900. Kuna safari ya siku moja hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, ndani ya msitu wa mvua mwanzo hadi mwisho, na ukifika mapema unaongeza mwendo mfupi hadi kreta ya Maundi ambako msitu unakatika na kilele kinajifungua mbele yako kama mawingu yakikubali. Mwongozaji bado anahitajika, lakini unalipia siku moja, unarudi kulala Moshi. Utajua mwili wako unasemaje juu ya mwinuko, kabla hujaweka hela kubwa.

Kisha jiwekee akiba ya Desemba. Mwenge wa Uhuru uliwekwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na kwa kumbukumbu hiyo huwa kuna makundi ya Watanzania yanayopanda kuelekea tarehe hiyo. Kwenye kundi, gharama zinagawanyika na wapagazi ni wa pamoja. Hapo ndipo kijana wa Lindi anapofikia kileleni bila kuuza pikipiki ya baba yake.

*Konda, habari za siku nyingi. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba. Hela yetu inaingia baada ya minada, mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili. Nasikia msimu wa kupanda milima ni Juni hadi Oktoba. Sasa Juni mimi napulizia dawa mikorosho, mfukoni sina kitu. Na mke wangu hataki maporomoko, anataka kuona maua. Tupo wazee kidogo.*
Baba wa Tandahimba

Njema, ndugu yangu, na pole na mashamba. Swali lako nimelipenda kuliko yote, maana umegusa ukweli ambao waandishi wa kalenda za utalii hawaujui: kusini tunasafiri kwa kalenda ya korosho.

Mpeleke mama Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ya nyanda za juu kule Makete na Mbeya, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Na maua yake yanachanua wakati wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi kama mwezi wa nne. Yaani hela ya mnada inapoiva, na Kitulo inaiva. Kuna okidi za ardhini aina zaidi ya 40, za njano, za zambarau, nyeupe zenye madoa. Moja ya sababu za kuilinda ni kwamba watu walikuwa wakichimba viazi vya okidi hizo kwa magunia kupeleka Zambia, ambako vinapikwa chakula kinachoitwa chikanda.

Wewe usipitie Dar, utazunguka bure. Shuka Masasi, panda basi la Songea kupitia Tunduru. Barabara ile niliifahamu zamani ikiwa ya mchanga na tope, abiria wanashuka kusukuma. Leo ni lami na vijana wanaolala usingizi humo hawajui wanalalia nini. Lala Songea. Asubuhi panda basi la Mbeya, linalopita Njombe na Makambako, ushukie Chimala kwenye barabara kuu. Hapo Chimala utaona mlima umesimama nyuma ya maduka, na barabara ya vumbi inaupanda kwa kona za kukunjika. Inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu kona ni 57. Magari madogo ya kwenda Matamba yanapandia hapo. Kama kumenyesha usiku, ngojeni jua likaushe kidogo, na mama akae mbele na dereva. Wanaokaa nyuma ndio wanaotapika. Matamba ndiko iliko ofisi ya hifadhi, na kuna gesti za kawaida.

Uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 hivi. Kwa wazee ni mzuri kwa sababu ukishafika juu hakuna kupanda sana, ni nyasi na vilima vya taratibu, mnatembea mkipumzika. Ila mwinuko utawafanya mhemewe hata kwenye tambarare, na mtu wa Tandahimba hajawahi kuisikia baridi ile. Kanga na kitenge havitoshi. Jaketi, kofia ya sufu, na koti la mvua kwa kila mmoja. Tembeeni asubuhi: mchana mvua hushuka na ukungu unaficha maua yote mliyolipia.

Kama presha inamsumbua mmoja wenu, pitieni kwa daktari kwanza. Hilo si la kuandikiana gazetini.

*Konda, mimi nina pikipiki yangu nzuri. Kwa nini nisiende nayo Udzungwa badala ya kuhangaika na mabasi?*
Msomaji, Mikindani

Nenda. Ukifika na mgongo wako mzima, niandikie.

*Shikamoo Konda. Ni mwalimu wa jiografia wa sekondari Masasi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanachora miinuko na mabonde ubaoni lakini hawajawahi kupanda kitu. Hatuna bajeti ya Morogoro wala Moshi. Karibu yetu kuna nini, kwa siku moja, kwa gari la abiria?*
Mwalimu wa Masasi

Marahaba, mwalimu. Wewe umekalia hazina. Yale majabali yanayouzunguka mji wa Masasi, Mkomaindo, Mtandi na wenzake, ni mawe magumu yaliyobaki yamesimama baada ya ardhi laini iliyoyazunguka kuliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka. Wataalamu husafiri kutoka mbali kuona milima ya namna hiyo, na watoto wako wanaipita wakienda kununua vitumbua. Mtandi ina na somo la historia chini yake: mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, na watu wale wakaamua kubaki hapohapo Masasi. Sasa ukimwambia mtoto kwamba walitembea kutoka Lindi, mwonyeshe na umbali kwenye ramani.

Jabali lipandwe alfajiri. Saa nne jiwe limeshapata moto na linakurudishia usoni. Siku ya mvua msiliguse, ule ukoga mweusi juu ya mwamba ukilowa unateleza kuliko sabuni. Na ombeni ruhusa kwa wanaoishi chini yake, iwe ni serikali ya mtaa au kanisa, kwa heshima tu.

Lakini kwa siku moja ya kukumbukwa wapeleke Newala. Magari ya Masasi kwenda Newala yapo kila siku, na kwa darasa zima afadhali mchange mkodi Kosta kwa kwenda na kurudi, maana wanafunzi arobaini hawaingii kwenye gari la abiria bila mtu kulia. Barabara inapanda ukingo wa uwanda wa Makonde. Pale Newala, karibu na boma la zamani, kuna sehemu inaitwa Shimo la Mungu: ardhi inaisha miguuni pako, inaporomoka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya bonde ni Msumbiji. Mvulana mmoja tuliyesafiri naye aliuliza kwa nini mpaka hauonekani. Swali zuri, mwalimu ajiandae.

Kuna njia za kushuka bondeni ambazo wenyeji huzipita kwa miguu. Hapa weka sheria moja na uisimamie. Kwenye mlima wa kawaida unapanda ukiwa na nguvu na kushuka ukiwa umechoka. Pale ni kinyume: watoto watashuka wakikimbia na kuimba, halafu kupanda kote kunawasubiri jua likiwa utosini. Kwa hiyo wakishuka dakika ishirini, geuzeni. Kupanda kutachukua saa nzima.

Na maji. Udongo wa juu ya uwanda ule ni wa kichanga, mvua inazama yote, mito hakuna juu kule. Kwa miaka mingi akina mama wa Newala walikuwa wakishuka bondeni kuchota na kupanda na ndoo kichwani. Siku hizi maji yanasukumwa kwa mashine kutoka chini. Usiende kwa wenyeji hao na wanafunzi arobaini wenye kiu. Kila mtoto abebe lita mbili kutoka Masasi, na muwe na dumu la akiba kwenye gari. Chakula ni rahisi: ming'oko (vile viazi vya porini) ya kuchemsha na korosho, inashibisha, haiharibiki, na hakuna anayeibakiza.

*Konda, asalaam aleikum. Mume wangu amekubali niende Udzungwa na dada yangu, lakini ana hofu: wanawake wawili, njia ndefu, porini. Nimwambie nini?*
Mama wa Mingoyo

Waaleikum salaam, dada. Mwambie porini ndiko mtakakokuwa salama zaidi, mnatembea na mtu wa hifadhi na majina yenu yameandikwa getini. Pa kuwa macho ni stendi. Fikeni Mang'ula mchana, si usiku. Gesti iwe mmeshaipigia kabla. Kwenye basi la usiku kaeni nyuma ya dereva, mkoba miguuni na si juu, na mpige picha tiketi yenu na namba ya gari mumtumie mumeo. Akiziona atalala. Wapiga debe wa Msamvu wakiwashika mikono, semeni mnasubiriwa na mtu, msiseme mnaenda wapi.

Msiende masika. Sisemi kwa ajili ya matope ya mlimani tu: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara yetu ya Lindi na Dar, abiria wakakwama huku na huku. Wazee wenzangu tuliolala kwenye kivuko cha Ndundu kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulikumbushana mengi siku hizo.

*Konda, sina wiki, nina Jumamosi na Jumapili tu. Nipo Lindi. Nataka msitu wa mlimani, si mnazi. Kupo?*
Fundi simu, Lindi

Kupo Rondo. Ni uwanda ulioinuka hadi karibu mita 900, na msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo pitia ofisi yao ya Lindi upate kibali na mtu wa kukuongoza. Usiku ndio utamu wake. Kuna komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, uzito wake kama gramu 60, macho makubwa na mkia wenye manyoya kama brashi ya chupa. Sayansi ilimtangaza miaka ya 1990 na yuko hatarini kutoweka. Utamsikia kabla ya kumwona. Chukua tochi yenye mwanga mwekundu, au funga karatasi nyekundu kwenye tochi yako, mwanga mweupe unamkimbiza.

Jumamosi asubuhi ulizia stendi magari ya Rondo. Yakijaa ndiyo yanaondoka, kwa hiyo wahi. Kazi ni Jumapili, magari ni machache. Ukishuka tu, kabla hujatafuta chakula, muulize dereva analala wapi na anageuza saa ngapi. Mlipe nusu ya nauli ya kurudi palepale, mpe namba yako, na umwambie akupigie anapowasha injini. Dereva aliyekwisha pokea nusu nauli hakuachi.